Kanda ya Ritha na Hedifoni za Mkata

Nyumbani kwa Stefania, pale Manundu, mjini Korogwe, asubuhi watu hunong'ona. Si kwamba wana siri. Bonaventura, mumewe, amerudi lindoni na amelala.

Zamani Bonaventura alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka nyuzi zitoke. Shamba lilipouzwa, watu walipunguzwa kazi, na yeye akiwemo. Sasa analinda ghala la saruji usiku. Korona ilimwachia vitu viwili: kidole kilichopinda na masikio mazito.

Stefania hukaanga vitumbua mlangoni. Huvigeuza kwa kijiti cha mwanzi, kimoja kimoja, bila haraka. Ng'ambo ya barabara kuna baa mpya. Siku hizi biashara ni huria, na kila mwenye kibanda anafungua baa. Hiyo ina spika ndefu kama mlango, na muziki huanza saa tatu asubuhi. Bonaventura hausikii. Stefania anausikia wote.

Wateja humwita Mama Ritha. Ritha alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikufa kwa malaria mwaka jana, wakati wa masika, akiwa na miaka ishirini na miwili. Jina la Mama Ritha limebaki, na yeye huliitikia kila siku.

Ritha aliacha picha moja tu, ya siku ya kipaimara. Katika picha hiyo amefumba macho.

Lakini aliacha pia kanda. Ritha alikuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya parokia. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, kwaya ilirekodi nyimbo nane, nne kila upande wa kanda. Katibu wa kwaya, kijana aitwaye Deogratius, naye pia mwimbaji, ndiye aliyepanga vipaza sauti. Kimoja alikiweka mbele ya kwaya. Cha pili alimpa Ritha peke yake.

Stefania aliisikiliza kanda ile mara nyingi kwenye redio yao kubwa. Sauti ya Ritha ilitangulia, kwaya ikafuata nyuma. Kisha Ritha akaugua, na redio ikauzwa ili kununua dawa. Dawa haikusaidia.

Baada ya mazishi Deogratius alikuja.

"Shikamoo mama. Naomba ile kanda kwa siku tatu. Nataka kuitengeneza isije ikafutika."

Stefania akampa. Siku ya tatu Deogratius akairudisha, imefungwa kwenye leso safi. Stefania hakuwa na redio ya kuisikilizia. Akaiweka kabatini pamoja na ile picha.

Miezi saba alidunduliza fedha za vitumbua. Akanunua wokimani kuukuu, ile redio ndogo ya kaseti ya kuning'iniza kiunoni. Haikuwa na hedifoni za kuvaa masikioni. Alifurahi hata hivyo. Kwa hedifoni angemsikiliza mwanawe bila kumwamsha mumewe, na bila baa kumwingilia.

Wiki hiyohiyo alikwenda Mkata kununua muhogo. Pale mabasi yanaposimama, machinga mmoja alimwona akitazama hedifoni.

"Karibu mama! Hedifoni hizi hapa. Kubwa, nzito, zinafunika sikio lote!"

"Zile ndogo zenye sponji je?"

"Hizo za watoto, mama. Wewe mtu mzima utavaa tambi za jiko la mafuta? Jaribu hizi. Sikia besi!"

Akamvisha. Ilikuwa kanda ya machinga mwenyewe, muziki wa dansi. Ngoma ililia mpaka fuvu likatetemeka.

"Umesikia hiyo?"

"Nimesikia."

"Basi hapo umepata mali. Elfu mbili tu, kwa sababu ni wewe."

Stefania alilipa fedha yote, hata ile ya muhogo. Alirudi Korogwe na kikapu kitupu, hedifoni shingoni, na watu kwenye basi wakamcheka. Hakujali.

Nyumbani aliketi juu ya kigoda. Akatia kanda, akavaa hedifoni, akabonyeza.

Kwaya iliimba. Sauti ya Ritha haikuwepo.

Alisubiri. Pale ambapo Ritha huanzisha wimbo palikuwa kimya. Kwa mbali alisikia kitu chembamba, kama mtu anayeimba ng'ambo ya mlima. Kisha kwaya ikajibu, ikimjibu mtu ambaye hayupo. Akaongeza sauti mpaka masikio yakauma. Akageuza upande wa pili. Ilikuwa vilevile.

Bonaventura aliamka akamkuta amekaa sakafuni.

"Kuna nini?"

"Ametolewa."

"Nani?"

"Ritha! Wametoa sauti yake!"

"Nani ametoa?"

"Nani mwingine alikaa na kanda siku tatu?"

Jumapili, baada ya misa, Stefania alimsubiri Deogratius mlangoni pa kanisa. Hata shikamoo yake hakuiitikia.

"Umemfuta mwanangu."

"Mama, sijamfuta. Naapa."

"Kaburi halikutosha? Ukamfuta na kwenye kanda ili sauti yako ndiyo isikike!"

Kwaya nzima ilisikia. Watu hawakujua nani wa kumwamini. Lakini mama aliyefiwa hapingwi. Walianza kumkwepa Deogratius, na mwezi haukuisha akaondoka Korogwe. Alikwenda Kwaluguru kulima kwa mjomba wake. Kwaya ikabaki bila katibu.

Stefania alimkabidhi Bonaventura ile kanda.

"Ichukue. Nayo imekufa. Fanya unavyotaka."

Miezi miwili ikapita. Siku moja fundi Hamisa alikuja kununua vitumbua. Hamisa hutengeneza redio karibu na soko, kazi aliyofundishwa na baba yake. Wanaume humtania, "Fundi mwanamke! Redio yangu si itaanza kupika?" Naye hujibu, "Ikipika, utakula wewe, maana mkeo amekuchoka."

Aliona hedifoni kubwa zimetundikwa msumarini, zina vumbi.

"Shikamoo mama. Hizi ni zako?"

"Marahaba. Zangu. Chukua, hazina kazi."

Hamisa akazishusha. Akatazama pini, kile chuma kidogo kinachoingia kwenye redio.

"Mama, ulizinunua za kuvaa na wokimani?"

"Ndiyo."

"Nani alikwambia zinafaa?"

"Muuzaji. Zina besi."

"Tazama hapa." Hamisa alisogeza pini kwenye mwanga. "Unaona pete nyeusi ngapi?"

"Moja."

"Hedifoni za wokimani zina pete mbili. Wokimani hutoa sauti mbili, moja ya sikio la kushoto na moja ya sikio la kulia. Pini yenye pete mbili hupokea zote. Hii ya pete moja hupokea ya kushoto tu na kuileta masikio yote mawili. Ya kulia inakufa palepale. Hizi zilitengenezwa kwa mitambo ya aina nyingine."

Stefania aliacha kugeuza vitumbua.

"Kama mtu aliimba kwenye kipaza sauti chake peke yake?"

"Huenda yuko upande wake peke yake. Ukiwa na pini hii, humsikii."

"Lakini kwenye redio yetu ya zamani nilimsikia!"

"Ilikuwa na spika ngapi?"

"Moja."

"Basi hiyo ilichanganya sauti zote mbili na kuzitoa pamoja. Mama, vitumbua vinaungua."

Viliungua vyote.

Stefania alichukua wokimani, na kanda kwenye mfuko wa koti la Bonaventura, wakafuatana mpaka kwenye kibanda cha Hamisa. Hamisa alitoa hedifoni zake za kazini, zenye pete mbili na sponji iliyochanika. Stefania alizivaa.

Ritha aliimba.

Alikuwa sikio la kulia, karibu, kama amesimama begani. Hata pumzi yake kabla ya kuanza ilisikika. Stefania alishika meza. Hakulia. Alisikiliza nyimbo nne mpaka mwisho.

"Geuza," akasema.

Hamisa akaigeuza kanda, kisha akasita. Alikuwa akitazama ukingo wa juu.

"Nani ameziba hapa?"

"Wapi?"

"Hapa kwenye ukingo, kila kanda ina vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, kanda haiwezi kurekodiwa tena. Mtu alivivunja vyote, vizuri kabisa, kwa kisu kidogo. Alitaka isifutike milele. Halafu mtu mwingine amejaza karatasi kwenye tundu la upande huu. Ukiziba hivyo, inakubali kurekodi."

Alichokoa tundu kwa sindano. Kikatoka kipande cha karatasi ngumu ya kahawia, ya mfuko wa saruji.

Stefania alikifahamu mara moja.

Wakausikiliza upande wa pili. Mtangazaji wa mpira alipiga kelele. Mpira ulianza, mpira ukaisha, na kanda ikaisha.

Bonaventura alipoamka, alikikuta kile kipande cha karatasi juu ya meza. Hakuulizwa. Aliketi.

"Ulisema nifanye ninavyotaka," alisema kwa sauti ndogo. "Mwenzangu lindoni ana redio ya kurekodi. Ilikataa, nikaziba. Mimi nilijua hayumo tena."

"Nami nilijua hayumo."

"Tufanyeje?"

"Hakuna. Nyimbo nne zimekwenda. Si Deogratius aliyezifuta. Ni mimi na wewe."

Kesho yake Stefania alikwenda tena kwa Hamisa kununua hedifoni. Hakufanya kama Mkata; alikwenda na kanda yake na wokimani yake.

"Una kiasi gani?" Hamisa aliuliza.

"Elfu moja na mia mbili."

"Tenga mia mbili za betri. Watu humaliza fedha kwenye hedifoni, kisha wanakosa betri. Sasa niambie, unasikiliza nini?"

"Mwanangu tu."

"Basi unataka sauti ya mtu isikike wazi. Mpenda dansi atafute besi, ni haki yake. Wewe besi itakumezea maneno. Ndiyo maana ya kuja na kanda yako. Mkata ulizijaribu kwa wimbo wa mwenzio, ukanunua zinazomfaa mwenzio."

Akaweka jozi tatu mezani. "Hizi kubwa zinafunika sikio na kuzuia kelele za baa, lakini fedha yako haifiki. Hizi za kuchomeka ndani ya sikio ni rahisi, ila zitakuumiza. Hizi za sponji ni nyepesi na sauti yake ni safi, ila kelele za nje zitaingia. Hesabu pete. Sasa kunja waya hapa karibu na pini, taratibu. Sauti ikikatika, usinunue."

Stefania alihesabu pete. Mbili. Alikunja waya. Alijaribu jozi zote tatu kwa wimbo mmoja, na hakuharakishwa. Akachagua zile za sponji, zile ambazo machinga aliziita tambi za jiko.

"Jambo la mwisho, mama. Usifungue sauti mpaka mwisho. Ukiwa umevaa na mtu wa karibu akakusemesha usimsikie, punguza. Mkonge ukikatwa jani, huota jingine. Sikio halioti tena. Muulize mzee."

Jioni Stefania alimvisha Bonaventura. Alimwongezea sauti kidogo. Mzee alisikiliza huku akikunja uso.

"Sikio la kulia limekufa," akasema. "Korona ilisimama upande huo."

Stefania alizivua, akazigeuza, ya kulia akaiweka kushoto. Bonaventura akatulia. Kidole chake kilichopinda kikaanza kupiga goti, polepole, kwa kufuata wimbo.

Jumamosi Stefania alikwenda Kwaluguru. Alimkuta Deogratius akipukuchua mahindi.

"Shikamoo mama," alisema, bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu." Akampa hedifoni. "Sikiliza."

Deogratius alisikiliza mpaka upande ukaisha. Ndipo Stefania akamweleza habari za pete, za pini na za machinga.

"Na upande wa pili?" Deogratius aliuliza.

"Tuliufuta sisi. Tuliziba tundu."

Deogratius alivua hedifoni, akamrudishia.

"Nilivunja vile vijino ili hata mimi nisiweze kumfuta," akasema.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu."

"Nimesikia, mama."

Hakusema amesamehe. Stefania aliijua tofauti, na hakuomba zaidi. Jumapili iliyofuata alisimama mlangoni pa kanisa, palepale alipomtukana, akawaambia watu wote kosa lilikuwa lake.

Deogratius hakurudi kwenye kwaya. Lakini baada ya mavuno alikuja kibandani kwa Hamisa na kanda mbili mpya. Zile nyimbo nne za kanda ya Stefania wakazinakili mara mbili, na yeye mwenyewe akavunja vijino. Moja alimpa Stefania. Moja alikwenda nayo Kwaluguru.

Siku hizi asubuhi Stefania hukaanga vitumbua na hedifoni kichwani, sauti chini, ili awasikie wateja. Kile kipande cha mfuko wa saruji amekiweka kabatini pamoja na picha. Na akimwona mtu sokoni ameshika hedifoni, anamwuliza kwanza:

"Umekuja na kanda yako?"