Taya Lililopakwa Samli

Krsh, krsh, krsh. Gizani, kabla majogoo wa Lodwar hawajaamka, mswaki ulikuwa ukisugua mfupa ndani ya karai.

"Mama, mamba anapigwa mswaki tena?" aliuliza Amoni kutoka kitandani, sauti imejaa usingizi.

"Lala, mwanangu. Nikimaliza naenda Kakuma na sare za shule."

Mamba huyo alikufa zama ambazo dunia haikuwa na binadamu hata mmoja, na mifupa yake iligeuka mawe. Helen Arot alikuwa akiiokota tangu akiwa msichana wa kuchunga mbuzi. Watu wa makumbusho waliopita Lodwar walimfundisha kuiandikisha, asiuze hata kipande, na kuipima kwa ulimi: mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo hunata, jiwe la kawaida huteleza. Sasa parokia ilikuwa imempa ukumbi wa maonyesho. Mjane kijana, fundi wa cherehani, aliyesoma masomo ya jioni huku mtoto mgongoni! Majirani waliomcheka kwa wazimu wake wa mawe wangelazimika kuingia mlangoni na kuutazama wazimu wenyewe. Ila kitu kimoja tu kingemuua kwa aibu: mfupa wa uongo mezani.

Soko la kambi ya wakimbizi ya Kakuma siku hiyo lilikuwa limefurika. Kahawa ya Wahabeshi ilinukia, redio za Wasomali zilipigana kelele. Helen alipita na furushi lake la sare, akasimama ghafla. Kando ya njia palikuwa na rundo la matofali yaliyofunikwa turubai, na juu ya turubai, kulizuia lisipeperuke, mtu alikuwa ameweka jiwe la kahawia. Helen aliliinua. Akalilamba.

"Dada! Njaa imefika hapo? Unakula jiwe yangu?"

Aliyesema alikuwa Mdinka mrefu, shati jeupe limekunjwa hadi kiwikoni, udongo mikononi. Helen hakuweza kumjibu. Jiwe lilikuwa limemnata ulimini.

"Si jiwe," alisema alipolibandua. "Ni pingili ya mgongo wa mamba. Wa zamani."

"Zamani gani? Ya babu yangu?"

"Babu yako hakuwako. Hata Mturkana wa kwanza hakuwako."

"Basi Mdinka wa kwanza alikuwa karibu kidogo."

Helen alicheka mpaka furushi likamponyoka. Jina lake Malual, alisema yule mtu akimwokotea sare; alifyatua matofali kando ya mto mkavu wa Tarach, na mawe ya namna hiyo jembe lake lilikuwa likiyagonga na kuyatupa.

"Usitupe tena! Ukipata kubwa, utakuwa mtu wa maana."

"Mimi ni mtu wa maana sasa hivi. Hebu angalia huu urefu."

Tangu hapo sare za Kakuma zikawa haziishi. Na Jumamosi, Helen akazoea kusimama kwenye kibanda cha simu nje ya posta ya Lodwar, akipiga duka moja la Kakuma ambako Malual alikuwa akingoja.

"Ya Helen, umekula?"

"Umenipigisha simu ya gharama uniulize chakula?"

"Basi nikuulize nini, habibti? Umenikumbuka?"

"Nimekula," alijibu Helen, naye Malual akacheka hadi mwenye duka akamwambia apunguze.

Jumamosi moja hakucheka. "Nimepata. Taya, Helen! Refu kama mkono wangu, meno bado yamo ndani. Mimi kutoka kambini mpaka nipewe ruhusa. Lakini yeye mamba haombi ruhusa. Nampandisha lori ya dereva Longor."

Taya lilifika limefungwa katika shuka la Malual, zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Lilikuwa jeusi, linang'aa kama kiatu cha harusi. Mwalimu Ejore, mwenyekiti wa maonyesho, alikuwapo na kamati nzima. Helen aliinama kwa madaha, akagusa kwa ulimi.

Ulimi ukateleza.

Akagusa upande wa pili. Ukateleza.

"Wametuchezea," alisema Ejore. "Hao wa kambini wanachonga kila kitu."

Helen alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu, akaomba Malual aitwe.

"Malual, umenichongea mfupa?"

Malual aliuliza polepole: "Umesema nini?"

"Haunati! Nimeaibika mbele ya watu!"

"Helen, mimi hapa sina shamba. Sina ng'ombe hata mmoja. Nina neno langu tu. Ukitupa hilo, umetupa mtu mzima."

Simu ikakatwa.

Helen alilitoa taya nje, akaliacha uani ili asilione. Jua la Lodwar likapanda. Adhuhuri Amoni, aliyekuwa akicheza hapo, aliita: "Mama! Jiwe linatoka jasho!"

Kweli. Matone madogo ya manjano yalikuwa yakichomoza juu ya mfupa. Helen aliligusa tone, akanusa. Samli! Mtu alikuwa amelipaka taya mafuta, akalisugua na kulipaka tena, kama bibi harusi anavyopakwa. Na mafuta yalikuwa yameziba vitundu vyote. Alilichemshia maji, akaliosha kwa sabuni, akalianika juani hadi likapauka. Kisha akagusa. Ulimi ulinasa kwa nguvu hata machozi yakamtoka, na hayakuwa ya maumivu.

Alikwenda Kakuma amevaa gauni lake la njano na shanga zote za mama yake, safu juu ya safu mpaka kidevuni. Malual alikuwa akifyatua matofali na wenzake. Hakugeuka.

"Samli, Malual."

"Ya ng'ombe," alijibu, bado amempa mgongo. "Kwetu kitu cha heshima hakiendi kwa mtu kikiwa kikavu."

"Kwetu pia! Ndiyo maana nina aibu mara mbili." Helen alipaza sauti wafyatuaji wote wasikie. "Nimekosa! Niliuamini ulimi wangu kuliko wewe. Nisamehe."

"Arudie," alisema Gatluak, rafiki yake Malual, akipangusa udongo sikioni. "Mimi sijasikia vizuri."

Helen akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Malual aligeuka. Tabasamu lilikuwa likimshinda, lakini macho hayakucheza.

"Malesh, Helen, yamekwisha. Lakini nataka kitu kimoja. Jina langu hapa liko kwenye kadi ya posho tu. Nataka likae pale maonyeshoni, na mfupa wangu."

"Litakaa."

Siku ya maonyesho Malual alifika na ruhusa mfukoni, shati jeupe limepigwa pasi hadi linakata. Taya lilikuwa mezani, na mbele yake kadi ya Ejore: *Mkusanyaji: H. Arot.*

"Jina la mkimbizi litaleta maswali," alinong'ona Ejore.

"Basi langu litoke, na mfupa utoke," Helen alisema, akaichana kadi vipande viwili mbele yake.

Mlangoni watu walikuwa wameanza kujaa. Malual alimwinamia Helen sikioni.

"Baba yako atataka ng'ombe wangapi?"

"Wengi. Mimi si mwanamke wa bei rahisi."

"Nitampa mamba mmoja."

"Atakataa."

"Mamba mkubwa."

"Njoo nyumbani Jumapili," alisema Helen, akijaribu kutocheka, "umwulize mwenyewe. Mimi nimeshakubali."

Mkuu wa tarafa aliingia na kofia yake kwapani, umati nyuma yake, na wale majirani waliomcheka walikuwa mstari wa mbele kabisa. Alisimama mbele ya taya, akaliinamia, akapiga mluzi.

"Dude gani hili! Nani amelipata?"

Ejore alikohoa. Helen alifungua kinywa, lakini Amoni, ameshika pindo la gauni la njano, alimtangulia.

"Malual ndiye aliyelipata."