Shubiri Moja kwa Siku

Alimohamed alimkanyaga kwanza, akamwomba radhi baadaye. Ilikuwa jioni, stesheni ya Finch, watu wamebanana wakisubiri basi, na Farhat alikuwa amevaa buti mpya nyeupe.

"Samahani, dada."

"Ilikuwa nyeupe."

"Naiona. Nipe namba yako, nijue kama imesafishika."

Farhat akampa. Mwanamke hatoi namba kwa ajili ya buti.

Miezi minane walipendana vizuri, ila jambo moja lilimkosesha Farhat usingizi: huko Agincourt, upande mwingine wa jiji, bibi aliyemlea Alimohamed hakujua kama Farhat yupo duniani.

"Unanificha," alimwambia.

"Natafuta njia, mpenzi. Nikienda ziara nitakuletea terme kutoka Yazd, kile kitambaa cha kutandika mezani siku ya ndoa. Nitamwonyesha Bibi kwanza, nimweleze ni cha nani. Hapo ndipo posa."

Akaondoka na msafara wa mahujaji, Mashhad kwanza, kwenye kaburi la Imamu, kisha Yazd. Kutoka huko alipiga simu ya video. Farhat aliona kuta za udongo, minara ya kunasa upepo, na mzee mwembamba kwenye kitanda cha kufumia, nyuzi za hariri nyekundu mbele yake.

"Nimekaa naye tangu asubuhi," Alimohamed alisema, akikohoa. "Siku nzima anapata shubiri moja."

"Basi nitaolewa nikiwa na miaka sitini."

"Nimenunua kilichokwisha. Usijali."

"Unakohoa."

"Vumbi la jangwani."

Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Siku tisa. Farhat, karani wa kliniki ya meno, aliwapa wagonjwa wawili miadi ya saa ileile.

Siku ya kumi akamwona Bi Zahraa wa msafara ule, msikitini Vaughan. Bi Zahraa akampa kifurushi cha karatasi ya kahawia.

"Tulimwacha hospitali, homa kali. Mtandao umekatika kote huko. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu."

Farhat alikifungulia chumbani, mlango umefungwa. Ndani hamkuwa na nyekundu wala hariri. Ilikuwa pamba nyeupe, vipande vilivyokunjwa, vinanukia marashi ya waridi.

Sanda.

Kila anayezuru Mashhad huwaletea wazee wake sanda iliyozungushwa kaburini kwa Imamu. Farhat alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mtu mwenye hofu hakumbuki anachokijua. Alikaa sakafuni siku mbili, kazini hakwenda, akiwaza kwamba Alimohamed amejua anakufa na ameaga kwa njia hiyo.

Siku ya pili jioni simu ikalia. Namba ngeni.

"Wewe ndiye Farhat?" Sauti ya kizee, kavu. "Mimi bibi yake Alimohamed. Zahraa kanipa namba. Sanda yangu unayo wewe?"

Farhat akaivuta ile pamba karibu.

"Mimi nimeletewa kitambaa chekundu cha dhahabu, na barua ndani: 'Farhat, hiki ni cha siku yetu.' Mimi sizikwi na rangi hii. Njoo tubadilishane."

Farhat alifika Agincourt na baibui lililokunjamana, macho yamevimba.

"Salaam aleikum, Bibi. Kuna habari zake?"

"Hakuna. Kaa." Bibi aliinusa sanda, akaifungia kabatini. "Mimi sina haraka nayo. Umekula?"

"Hapana."

"Nilijua. Yule mjukuu wangu angenieleza mapema, ungekula."

Chai ilikuwa haijachemka simu ya Bibi ilipolia. Akaiweka mezani, sauti juu.

"Bibi, ni mimi. Homa imeshuka, nasafiri Alhamisi. Kifurushi umepata?"

Farhat alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Nimepata," Bibi alisema. "Chekundu. Kimenipendeza."



"Bibi, hicho…"

"Mwenyewe yuko hapa. Ongea naye."

Farhat akaichukua simu. "Ulinitumia sanda, Ali."

"Ee Mungu. Farhat…"

"Siku mbili nimekuwa mjane, na hata sijaolewa."

"Nisamehe, mpenzi. Nilivifunga vifurushi nikiwa na homa, nikavichanganya." Akakohoa, kidogo tu sasa. "Bibi anasemaje?"

Farhat aligeuka. Bibi alikuwa amekitandaza kile kitambaa juu ya meza kubwa, anakipima kwa kiganja hadi ukingo wa meza, shubiri baada ya shubiri, midomo ikihesabu.

"Hasemi kitu," Farhat alijibu. "Anapima meza."