Mashimo ya Mama Fagio

Mama Fagio alifagia uwanja wake mara tatu kwa siku. Asubuhi alifagia vumbi. Mchana alifagia majani. Jioni alifagia nyayo za wageni, na wengine walikuwa hata hawajamaliza kuaga. Mtaa mzima ulisahau jina lake la kuzaliwa. Naye hakukasirika kuitwa hivyo. Kichwa kilimvimba kidogo, basi.

Siri ya usafi wake ilikuwa nyuma ya nyumba. Kila Jumamosi alichukua jembe, akachimba shimo la kufika magotini. Takataka zote za wiki ziliingia humo. Maganda ya ndizi, mifuko ya plastiki, chupa zilizovunjika, makopo. Betri zilizokufa za mumewe, ambaye alikuwa fundi redio, zilikuwa na mashimo yake kwenye kona ya ua. Akishajaza, alifukia. Akashindilia kwa miguu kama yuko ngomani. Kisha akafagia juu yake.

Jumamosi iliyofuata alichimba shimo jingine, hatua moja pembeni. Alifanya hivyo miaka kumi na moja. Uwanja ukang'aa. Wageni wakasifu. Hakuna aliyeuliza uchafu wa nyumba hii huenda wapi.

Juu ya mashimo hayo ndipo alipopanda mboga zake. Miaka ya kwanza zilistawi. Kisha mchicha ukaanza kuota majani ya njano. Nyanya zikagoma kuwa kubwa kuliko gololi. Mvua ikinyesha, maji yalituama siku tatu, mbu wakahamia na familia zao.

Mumewe alisimama mlangoni, akayatazama madimbwi.

"Mke wangu, hii si bustani. Hili ni bwawa lenye majani."

"Itakaa sawa."

"Umesema hivyo mwaka jana. Mimi nataka kumwaga zege hapa pote. Nijenge kibanda cha kazi. Redio zimejaa mpaka chini ya kitanda. Nikijigeuza usiku, mguu unafungua taarifa ya habari."

Mama Fagio alishika kiuno. Bustani ile ilikuwa yake. Aliianzisha kwa mikono yake mwaka walipohamia, na watoto na wajukuu wote walikula mboga zake.

"Zege humwagi."

"Nakupa miezi mitatu. Ikiota mboga ya kueleweka, sitafungua mdomo tena. Isipoota, namwaga."

"Miezi mitatu inatosha," alisema Mama Fagio. Moyoni hakuwa na uhakika hata wa wiki tatu.

Kesho yake alijifunga kibwebwe, akaanza kutifua matuta upya. Jembe lilishuka mara moja tu. Halafu likanasa. Alivuta. Likatoka na mfuko wa plastiki umening'inia kwenye ncha. Alipiga pembeni. Mfuko mwingine. Alipiga tena. Kopo.

Wakati huohuo mkokoteni ulipita nyuma ya ua ukilia kwii, kwii. Aliyeusukuma alikuwa Mama Magunia, mwanamke aliyekusanya plastiki na vyuma chakavu mtaa kwa mtaa na kuvipeleka kiwandani. Siku zote Mama Fagio alimpungia kwa mbali, kama anayefukuza inzi.

Mama Magunia alisimama, akachungulia juu ya ua.

"Shoga, unavuna nini?"

"Nalima."

"Naona. Mifuko imekomaa vizuri mwaka huu."

Mama Fagio alitaka kumjibu vibaya. Alilitazama jembe, akakumbuka miezi mitatu, akameza mate.

"Basi ingia," alisema. "Lakini pangusa miguu."

Mama Magunia alipangusa miguu, ingawa ilikuwa uwanjani. Alichuchumaa, akang'oa mche mmoja wa mnyanya taratibu. Mizizi yake haikuwa imekwenda chini. Ilikuwa imejikunja duara, kama mtu aliyelala kwenye kitanda kifupi.

"Unaona? Imeshuka, imekuta plastiki. Mizizi haipiti. Maji nayo hayapiti, ndiyo maana yanatuama."

Kisha akafungua mfuko mmoja uliokuwa umefungwa fundo. Ulikuwa mfuko wa mkate. Maandishi yake yalisomeka yote.

"Huu uliuzika lini?"

Mama Fagio alifikiri. "Mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa kwanza."

"Sasa yuko wapi?"

"Darasa la tatu."

"Mtoto amejifunza kusoma, na mfuko bado unasomeka! Plastiki haiozi kama ganda la ndizi, shoga. Wewe hukuondoa uchafu. Umeuficha."

Mama Fagio aliuchukua mfuko, akausoma tena kutoka juu mpaka chini. 

Fundi redio alikuwa amekuja kusikiliza. Alicheka sana. Alicheka mpaka Mama Magunia alipofukua kwenye kona ya ua na kukuta betri. Zilikuwa nyingi, zimevimba, zinatoa maji meusi.

"Hizi nazo ni za mama?" aliuliza Mama Magunia.

Kicheko kikakatika. "Zangu," alisema fundi kwa sauti ndogo.

"Usizishike kwa mikono mitupu. Betri ikioza hutoa sumu. Sumu inaingia kwenye udongo. Ikikaa muda mrefu inaweza kufika hata kwenye maji ya kisima. Mboga zinaweza kuinyonya, nanyi mkala."

"Basi tuchome kila kitu," alisema fundi. "Tumalize kazi leo."

"Plastiki ukiichoma, moshi wake una sumu. Utaitoa ardhini, uwape watoto wa jirani waivute. Hapana, baba. Ifukuliwe, itengwe."

"Vyote?" aliuliza fundi. "Miaka kumi na moja?"

Mama Fagio alikwisha kuchukua jembe. "Nilivizika kimoja kimoja," alisema. "Nitavifukua kimoja kimoja."

Alivaa viatu vya mpira na glavu nene alizoazimwa na Mama Magunia. Siku ya kwanza alifukua safu tatu za mashimo. Siku ya pili mgongo ulimkatalia, akafukua mbili. Siku ya tatu mumewe alitoka na koleo. Saa mbili baadaye alipiga kelele. Alikuwa ameshika bisibisi yake nyekundu.

"Miaka sita nimemnunia mteja kwa bisibisi hii!"

"Nenda ukamwombe radhi," alisema mkewe. "Lakini maliza shimo kwanza."

Kazi ilichukua wiki mbili na nusu. Plastiki na makopo vilijaza mkokoteni mara saba. Vioo vilitiwa kwenye ndoo ngumu ili visimkate mtu. Betri zilitiwa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko. Bwana afya, aliyeitwa na Mama Magunia, alikuja kuzichukua azipeleke mahali pa taka za hatari. Aliitazama ile kona, akatikisa kichwa.

"Hapa msipande kitu cha kuliwa," alisema. "Kwingine pandeni."

Mama Fagio alimgeukia mumewe. "Umesikia? Kona hiyo ni yako. Mwaga zege lako hapo, jenga kibanda. Kwingine kote ni kwa mboga."

"Zikiota," alisema fundi. Mtu mbishi.

Sasa jikoni palikuwa na vyombo vitatu. Cha kwanza ni cha maganda na mabaki ya mboga. Haya yalikwenda kwenye shimo la mboji, yakachanganywa na majani makavu na kugeuzwa kila wiki. Cha pili ni cha plastiki na makopo, vilivyosuuzwa. Hivyo vilichukuliwa na Mama Magunia kila Jumanne. Cha tatu, chenye mfuniko, ni cha betri na vioo. Mama Fagio alipunguza pia kinachoingia. Alikwenda sokoni na kikapu, na muuzaji akimpa mfuko, aliurudisha.

Mboji yake haikuwa imeiva. Mama Magunia akamletea magunia mawili ya kwake. Waliichanganya na udongo, wakapanda mchicha na nyanya upya.

Mvua ya kwanza ilinyesha kutwa nzima. Mama Fagio alisimama dirishani bila kukaa. Ilipokatika alitoka mbio. Maji yalikuwa yamezama. Alibonyeza tuta kwa kidole, kidole kikazama pia. Akacheka peke yake.

Miezi mitatu ilipotimia, fundi redio alitoka na kamba ya kupimia. Alikusudia kupima bustani nzima, ahadi ni ahadi. Alifika kwenye tuta la kwanza, akasimama. Mchicha ulimfika magotini, kijani mpaka macho yanapoa. Nyanya zilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto.

Mama Fagio na Mama Magunia walikuwa wamekaa kwenye kizingiti, wakimtazama.

"Pima, baba," alisema Mama Magunia. "Usitukanyagie tu."

Fundi alikunja kamba, akaitia mfukoni. Alikohoa kidogo.

"Mke wangu," alisema, "mchicha huu unachumwa kuanzia wapi?"