Chuma cha Kiti Kilichogoma

Abdi aligonga chuma cha kiti cha baiskeli mara moja, fremu ikajibu mara mbili.

Akatulia, nyundo mkononi. Kijiji chote cha Kwaluguru kilikuwa kimejiinamia chini ya jua la utosi, hata kuku walikuwa wamejificha uvunguni mwa ghala. Akagonga tena. Ko. Kutoka ndani ya bomba, kwa uvivu wa mtu anayeamshwa: ko, ko.

"Mwangwi," alijiambia. Shule ya Wajerumani kule Tanga ilimfundisha mwangwi, mito ya Ulaya, na namna ya kusema jawohl, yaani ndiyo bwana, bila kutabasamu. Cheti chake kilisema ausgezeichnet, yaani bora kabisa. Na huyo bora kabisa alikuwa amerudi nyumbani kula ugali wa dada yake Fatu, mwanamke aliyeachika na mtoto mchanga mgongoni, kwa kuwa ukarani wa kwa akida alipewa shemeji wa akida, bwana ambaye akiandika jina lake utadhani kuku kaparura.

Ndipo mjomba wao Mdoe, mkazi wa Manundu, Korogwe, alipoleta baiskeli. Ilikuwa ya Mjerumani mmoja aliyekufa kwa homa, imeota kutu kila mahali.

"Ifufue, mwanangu," Mdoe alisema. "Akida anatafuta tarishi wa barua za Handeni na Korogwe. Mwenye baiskeli ndiye mwenye kazi, nimeshaongea naye. Ila ifungue kwa mkono wako mwenyewe, fundi asiiguse. Hasa hicho chuma cha kiti."

Abdi karibu alie. Dunia nzima ilikuwa imemsahau, na mjomba kamkumbuka.

Basi akaingia kazini. Padeli ya kushoto ilimtoa jasho mpaka alipokumbuka kwamba hiyo hufunguliwa kinyume na mwenzake. Pini zilikunywa mafuta ya taa, zikapigwa, zikatoka. Usukani ulilegea kwa moto wa mkaa na maji baridi. Chuma cha kiti tu ndicho kilichogoma. Alikipa mafuta ya nyonyo, akakipa moto, akakitukana Kizigua, kisha Kijerumani, maana matusi ya Kijerumani yenyewe ni chuma. Hakikutikisika. Na kila alipokipasha moto, bomba lilitoa harufu ya udi na nywele zilizoungua.

"Kaka," Fatu alinong'ona, "hicho kitu kinapumua."

"Ni hewa. Hewa ikipata moto hutanuka."

"Haya, msomi. Na hewa hujua jina la mtu?"

Abdi akaokota nyundo. Na yeye alikuwa amelisikia jina lake.

Jua lilipoanza kuelekea magharibi alikibana chuma katikati ya magogo mawili, akaishika fremu kwa mikono miwili na kuizungusha kwa nguvu zake zote, na chuma kikalia kama mbuzi aliyeona kisu, kikasogea, kikakwama, kikasogea tena, na harufu ile ya udi ikajaa uani mpaka mtoto wa Fatu akaanza kukohoa, na Abdi akataka kuacha lakini mikono haikukubali, ikaendelea kuzungusha kana kwamba kuna mikono mingine juu yake, hadi chuma kikachomoka chote kwa mkupuo na upepo wa baridi ukatoka ndani ya bomba, ukampita usoni, ukamzunguka, ukakaa nyuma ya shingo yake na kutulia kama mtu aliyefika kwake.

Si kutu iliyokuwa imekishika chuma kile. Ilikuwa nta na kitambaa, vimeshindiliwa kwa makusudi. Fatu alikikunjua kitambaa taratibu.

"Hii si kanzu yako ya Idi? Ile iliyopotea siku mjomba alipolala hapa?"

Alfajiri Abdi alishika njia ya Manundu. Alimkuta Hajira, binti Mdoe, anapepeta mpunga huku akicheka na jirani. Huyu Hajira ndiye aliyekuwa akifungwa kamba, akinguruma kwa sauti ya kiume.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mdoe alimtazama shingoni, si usoni. "Umekitoa."

"Umenifanya nini?"

"Sema polepole, mtoto asisikie. Mganga alimtia jini wa Hajira ndani ya bomba lile, akasema hatoki bure. Sharti apewe mtu, na mtu huyo amfungulie mwenyewe."

"Ukanitoa mimi."

"Ningemtoa nani? Hajira ni damu yangu, lakini wenye kauli juu yake ni wajomba zake. Mila unaijua. Wakati wa njaa wazee waliweka wapwa rehani kwa chakula, na hakuna aliyewahoji. Wa kwangu mimi ni wewe."

 Abdi aliona aibu kuuliza, akauliza. "Na kazi ya utarishi?"

"Kazi gani, Abdi? Akida ana punda." Mdoe akamsogezea kiti. "Kula kwanza. Umetoka mbali."

Hakula. Njia nzima ya kurudi baridi ilikaa shingoni, na karibu na Kwaluguru ikaanza kusema, kwa sauti ya chini, kama rafiki anayekupa pole msibani: "Usilie. Hata wewe ni mjomba wa mtu."

Fatu alimpokea mlangoni. "Mshike mpwa wako, nikakuchotee maji."

Abdi alirudi nyuma, mikono kaificha mgongoni. "Mchukue mtoto uondoke. Sasa hivi. Na usiniambie unakokwenda."

"Unanifukuza, kaka? Hata wewe?"

 Abdi akageukia ukuta, akafumba macho, akaziba masikio asisikie hata nyayo zake. Alisimama hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

"Amepita njia ya mtoni," ikasema sauti nyuma ya shingo yake, kwa upole. "Twende?"