Mikaratusi Kando ya Bwawa

Jumatatu ya Pasaka, watu wa Butembo hawapendi kukaa nyumbani. Kanyere aliamka mapema, akapika wali na maharage. Binti yake Léa aliwavalisha watoto. Wakapanda pikipiki mbili kwenda kwenye msitu unaolindwa, ule wenye bwawa.

Kwa miaka mingi vita viliwazuia kupita barabara ile, na Kanyere alikuwa na hamu kweli kweli. Pale ndipo alipocheza na Luc kabla hajawa mume wake. Walitengeneza mitumbwi midogo ya maganda ya mgomba, wakaishindanisha. Luc alikuwa mjanja, akipuliza wa kwake ili ushinde. Vyura walipiga kelele hadi mtu hasikii anachoambiwa. Ah, siku zile zilikuwa tamu! Sasa Luc ni marehemu, na Kanyere alitaka wajukuu wake wayaone maji yale.

Walipofika, walikuta tope. Maji kidogo tu yalibaki katikati. Watoto waliweka mtumbwi wao, ukakwama.

"Mama, ni hapa kweli?" Léa aliuliza.

Machozi yalimlengalenga Kanyere.

Sikuli, mlinzi wa msitu, alikuja kuwasalimu.

"Papa Sikuli, maji ilienda wapi?" Kanyere aliuliza.

Sikuli alionyesha mikaratusi mirefu iliyopangana ukingoni. "Ni ile miti, mama. Mizizi yake iko inakunywa maji muchana na usiku. Kule ku mulima ni muzuri, inatupatia mbao na makala ya kupikia. Lakini karibu na maji, hapana. Inakausha."

Kanyere alikaa chini puu. "Ni mimi na bwana yangu tuliipanda."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa Butembo akiona nafasi tupu, mikono inamwasha mpaka apande mikaratusi. Mwaka wa ndoa yao, Luc alileta miche, wakaipanda ili watu wa Pasaka wapate kivuli. Kila mtu aliwasifu.

"Sisi wote tulizani muti ni muti," Sikuli alisema kwa upole. "Komite ya musitu inataka kuikata. Lakini ni miti ya marehemu, ndiyo maana tulikuwa tunakungojea, mama."

"Hapana!" Léa alisema kwa hasira. "Ni kitu moja tu ya papa yenye inabakia!"

Kanyere alisimama, akashika gome la mti mmoja. Moyo ulimuuma. Halafu, ghafla, akaanza kucheka.

"Léa, weye uliona papa yako anakaa mu kivuli hapa, hata siku moja?"

Léa alifikiri. "Hapana."

"Alipandia batu wengine. Yeye alikuwa mu maji tu. Papa Sikuli, mukate."

Siku ya kukata, mti wa kwanza ulipoanguka, Kanyere alilia. Kisha akashika panga akafanya kazi na watu wa komite. Lakini kukata hakutoshi. Kisiki cha mkaratusi huchipua tena, kwa hiyo Sikuli aliwafundisha kuvunja machipukizi kila yanapotokea. Aliwaambia pia wasilime ukingoni, wala wasichome mafunjo.

"Mafunjo inachunga maji, inaisafisha," alisema. "Muiache tu."

Misimu ya mvua ikapita. Mafunjo yakaota yenyewe. Maji yakapanda polepole, na vyura wakarudi na makelele yao. Pasaka nyingine ilipofika, ukingo ulijaa familia na sufuria zao. Jua lilikuwa kali. Mama mmoja mgeni, aliyetoka Beni, alijifunika kichwa kwa kitenge akalalamika kwa sauti.

"Nani alikata miti ya hapa? Kivuli hapana kabisa!"

Kanyere alikuwa ndani ya bwawa pamoja na wajukuu, nguo imelowa.

"Ni mimi," alijibu, akimwita kwa mkono. "Kuya mu maji, mama."