Aliyekanyaga Breki

Rafiki yangu, dereva wa lori ambaye sasa hana miguu, alipenda kutuimbia: tahadhari kabla ya hatari. Asubuhi moja alijipenyeza uvunguni mwa lori, gizani, kukagua breki kabla ya safari. Mlango ulipobamizwa juu, akajua shemeji yake, msaidizi wake wa safari, amepanda.

“Kanyaga!” Upepo wa breki ukalia tsss.

“Achia!” Ukalia tena.

“Safi. Sasa shuka uniwekee jiwe kwenye tairi, shemeji, hapa ni mteremko.”

Mlango haukufunguliwa. Kisha viatu vikaja mbio kutoka getini. “Niwie radhi, shemeji, nimechelewa! Mbona lori limefungwa, na funguo ninazo mimi? Unaongea na nani?”

Juu ya rafiki yangu kiti kikalia kwa uzito wa mtu, na breki ya mkono ikaachiwa, taratibu: tsss.