Ubavu wa Meli Mlangoni

Haya yalimpata Feza, rafiki yetu anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, karibu na bandari ya Rusizi. Baba yake, Mzee Mukengere, alikuwa nahodha wa meli iliyolibebea jeshi mizigo ziwani wakati wa vita, na Feza hakuchoka kuwaambia wateja kwamba meli ile haikupoteza hata gunia moja. Basi ilipokatwakatwa kuwa chuma chakavu, alinunua kipande cha ubavu wake, akakifanya mlango wa duka na kukipaka rangi ya buluu.

Jioni ileile mvua ilishuka, umeme ukakatika. Feza na baba yake walijifungia dukani, rangi ya mlango ikiwa bado mbichi. Ndipo wakasikia viganja vikipiga chuma, pa, pa, pa, kama watu wa kisiwa cha Nkombo wanavyopiga ubavu wa chombo wakiomba kupandishwa.

"Papa, kuko bantu inje. Nifungule?"

"Hapana."

"Mvua itabaloanisha!"

Mzee aliinamisha kichwa, akashindwa kumtazama mwanawe. "Acha, batachoka," alisema. "Hata siku ile mu ziwa balichoka, sikubapandisha."

Viganja vilipungua kimoja kimoja, hadi kikabaki kimoja chepesi. Nacho kikanyamaza. Feza akakumbuka yote aliyowaambia wateja, akaona aibu kama aliyevuliwa nguo sokoni.

Asubuhi alifungua. Rangi ilikuwa imejaa alama za viganja, vya watu wazima na vya watoto, vidole vikielekea juu. Hakuna hata moja iliyopita goti lake. Zote zilikuwa chini, pale ambapo mtu aliye majini angefikia ubavuni mwa meli.